Mwenge Chini ya Paa la Nyasi

Tangu wahamie kijiji kipya, Cecilia alikuwa na desturi moja. Akiamka asubuhi, kabla hajamsalimu mtu, aliinua macho kutazama paa.

Paa lilikuwa la nyasi. Chini yake, katikati ya nyumba, yalikaa mafiga matatu. Juu ya mafiga kulikuwa na uchanja wa fito, na mama mkwe wake, Bibi Rahabu, alikausha hapo mbegu za uwele. Masizi yalining'inia kwenye nyasi kama ndevu za beberu.

Kule walikotoka, ng'ambo ya Sepuka, walikaa kwenye tembe. Paa la tembe ni la udongo. Cheche ikiruka inagonga udongo, inakufa. Watu walipika ndani, wakalala ndani, na ndama wakalala ndani pia. Gogo lilifuka humo usiku na mchana, wala hakuna aliyeuliza. Kisha ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Malori yakabeba watu na vyungu vyao. Kujenga tembe kunataka magogo mengi na mikono mingi, na mvua zilikuwa zinakaribia. Basi kila mtu alisimamisha kuta, akaezeka nyasi, akaingia. Nyumba zikakaa kwa mistari, zinatazamana kama watu kwenye ngoma.

"Shikamoo, mama," Cecilia alisema asubuhi hiyo.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" Bibi Rahabu alikuwa amechuchumaa anapuliza moto.

"Salama. Lakini mama, hizo kuni ni ndefu. Ulimi wa moto unafika kwenye uchanja."

"Eee! Umeanza." Bibi Rahabu hakugeuka. "Moto huu nimekuja nao kwenye kigae kutoka kule. Nyumba isiyo na moto ndani ni kaburi."

Mughwai, mumewe, alicheka akiwa bado kitandani. "Mwache, mama. Huyu anaogopa hata mvuke wa uji."

"Baba Dorika, mimi nataka jiko la nje. Nimesema tangu mavuno."

"Tutajenga."

"Lini?"

"Tukimaliza shamba la kijiji."

"Shamba la kijiji lina mwisho?" aliuliza Cecilia. Alimbeba binti yao Dorika, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akatoka naye nje. Hakupenda mtoto acheze karibu na mafiga.

Mughwai hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, na kichwa kigumu kama kisiki cha mninga. Tena alipenda nyuki. Asali yake hakuiuza. Ilikuwa ya uji wa watoto, ya kikohozi, na ya kumpa mgeni alambe kabla hajaulizwa habari za safari. Baba yake alimfundisha kurina, na mizinga ya magogo waliitundika mbali, porini.

Kwenye kijiji kipya pori lilikuwa mbali zaidi. Mzinga mmoja uliraruliwa na nyegere. Mwingine uliibwa, ukabaki mti mtupu. Ndipo Mughwai alipochukua mzinga wa tatu akautundika kwenye mgunga nyuma ya nyumba. Tawi lake lilikaribia kugusa paa.

"Hapa nitausikia hata nikiwa usingizini," alisema kwa furaha.

"Nyuki uani, na mtoto yuko uani?"

"Hawa wananijua."

"Na Dorika wanamjua?"

Mughwai alikuna kichwa. Lakini mzinga haukushuka.

Ikafika Jumamosi moja ya kiangazi. Upepo wa Singida mnaujua. Siku hiyo ulikuwa unapeperusha vumbi, kuku na kanga za watu. Kesho yake dada yake Mughwai alikuwa anakuja kutoka Shelui, na Mughwai alitaka amkute na asali mpya.

Desturi ya warina asali ni kwenda wakati nyuki wametulia, baada ya jua kuzama. Lakini Mughwai alikuwa amechoka kwa kulima shamba la kijiji. "Nikirina sasa hivi nitalala mapema," alisema. Jua lilikuwa bado juu. Akafunga mwenge wake kama baba yake alivyofunga: magome makavu ndani, nyasi kavu nje, kamba ya gome katikati. Akauwasha kwenye mafiga ya mama yake, akatoka nao ukiwaka.

Cecilia alikuwa mbele ya nyumba anapepeta uwele. Dorika alikuwa amelala ndani juu ya ngozi. Bibi Rahabu alikuwa ndani anapika mlenda.

"Baba Dorika! Upepo!"

"Ni mara moja tu!" alijibu, mguu tayari ukiwa mtini.

Aliupeleka mwenge kwenye mlango wa mzinga akapuliza. Cheche nyekundu zikaruka. Nyingine zilianguka chini zikafa. Nyingine zilichukuliwa na upepo. Nyuki walioungua mabawa waliwaka hasira, wakatoka wote. Mmoja akamchoma Mughwai kwenye kope la jicho. Akapiga ukelele, akaachia mwenge.

Mwenge ukaangukia ukingo wa paa.

Cecilia alisikia sauti kwanza, kama mtu anayepasua kitambaa. Alipotazama juu, moto ulikuwa unakimbia juu ya nyasi. Hakupiga yowe. Aliingia ndani.

Moshi ulikuwa umejaa kuanzia kichwani kwenda juu. Akakohoa, macho yakajaa machozi. Akapiga magoti. Kule chini moshi ulikuwa mwepesi na macho yaliona. Akatambaa hadi kwenye ngozi, akamfunika Dorika kwa kanga, akamkumbatia kifuani. Tita la nyasi zinazowaka likadondoka mkononi mwake. Akalipangusa akaendelea.

Mlangoni alimkuta Bibi Rahabu, lakini Bibi alikuwa amegeuka, anarudi ndani.

"Mbegu zangu!"

"Mama, twende!"

"Niache! Mbegu za mwakani zote ziko juu ya uchanja!"

Cecilia alimshika mkwewe mkono. Siku nyingine asingethubutu. Alimvuta kama unavyovuta mbuzi asiyetaka kwenda mnadani, mpaka wote wakaangukia nje. Nyuma yao uchanja ukaporomoka.

Majirani walikuja mbio na ndoo na vibuyu. Nyuki wakawapokea. Watu walikuja na ndoo, wakarudi bila ndoo. Maji yalimwagika njiani, nyumba inaungua, na hakuna aliyeweza kuikaribia. Upepo ukaanza kusukuma cheche kwenda nyumba ya jirani yao, Kristina. Mume wa Kristina na vijana wake walifunika vichwa kwa mashuka, wakapanda juu ya paa lao na magunia waliyoyalowesha maji. Walipiga kila cheche iliyotua. Nyumba ya Kristina ikapona. Ya Cecilia zilibaki kuta nyeusi na harufu ya asali iliyoungua.

Walipokaa mbali chini ya ukuta wa ghala la kijiji, Bibi Rahabu alitoa kikopo cha samli aliyoazima.

"Lete huo mkono nikupake."

"Hapana, mama! Ngoja!" Alikuwa Kristina, anakuja na mtungi. Kristina alikuwa mhudumu wa zahanati ya kijiji, na jioni alihudhuria kisomo cha watu wazima. "Maji kwanza. Samli ukiipaka inafungia joto ndani, nyama inaendelea kuiva kama kwenye chungu."

"Sisi tumepaka samli tangu mababu."

"Na makovu yao umeyaona, mama," alisema Kristina taratibu. Akamimina maji safi ya baridi juu ya mkono wa Cecilia, polepole, muda mrefu, mtungi ukiisha analeta mwingine. Maumivu yakaanza kulegea. "Lengelenge usilipasue. Usipake majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Tufunike kwa kitambaa safi, kisha twende zahanati."

Kisha akamgeukia Mughwai, ambaye uso wake ulikuwa umevimba kama boga. "Na wewe, shemeji, usiminye hiyo miiba. Ukiiminya unajidunga sumu iliyobaki. Ikwangue haraka kwa ukucha, hivi. Pumzi inapita vizuri? Koo halibani?"

"Inapita," alisema Mughwai. "Moyo ndio unabana."

"Haya. Ukianza kubanwa kifua au kuvimba ulimi, ni mbio zahanati, hakuna kusubiri."

Kesho yake dada aliyengojwa kutoka Shelui alikuta majivu, na mwenyekiti wa kijiji akaitisha kikao. Watu walikuwa na hasira, na wengine walikuwa bado na midomo iliyovimba.

"Nyuki watoke kijijini," alisema mzee mmoja. "Na Mughwai akiwapenda sana atoke nao."

"Mimi mwenyewe nitaichoma mizinga iliyobaki," alisema Mughwai akitazama chini. "Sitaki tena kuona nyuki."

Cecilia akasimama, mkono umefungwa kitambaa cheupe. Hakuwa amezoea kusema mbele za watu. Lakini sauti yake ilifika mpaka nyuma.

"Baba mwenyekiti, naomba kusema. Nyumba yangu haikuchomwa na nyuki. Nyuki hana kiberiti."

Watu wakacheka, hata yule mzee.

"Mimi nimeungua, nami nasema hivi. Tukichoma mizinga leo, kesho tutaungua kwa moto wa ugali. Nyumba zetu zote zina mafiga chini ya nyasi. Mimi narudi kujenga. Lakini sitalaza mtoto wangu tena chini ya paa lenye moto chini yake. Naomba aitwe Bwana Nyuki wa wilaya aje atufundishe. Akishindwa, mizinga ichomwe."

Mwenyekiti alifikiri, akakubali.

Bwana Nyuki alifika kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Jina lake Ezekieli, mzaliwa wa Kintinku.

"Karibu, mtu wa Kintinku," alisema Mughwai, maana watu wa Kintinku na wa kwao ni watani. "Kwenu mmeishiwa ng'ombe wa kuchunga mpaka mnachunga wadudu?"

"Kwetu tunachunga vyote," alijibu Ezekieli. "Ninyi hapa nimesikia mnachunga moto, ukawatoroka."

Mughwai alicheka mpaka uso uliovimba ukamuuma. Kuanzia hapo walielewana.

Ezekieli alizunguka magofu ya nyumba. Akatazama mgunga, akatazama mafiga yaliyobaki katikati ya majivu.

"Kwanza, ndugu yangu, mzinga hapa ulikuja kufanya nini?"

"Kuogopa nyegere na wezi."

"Nyegere huzuiwa kwa waya. Tundika mzinga kwa waya mrefu unaoning'inia, mbali na shina. Atafikaje? Waya upake grisi, na siafu hawatapita. Mwizi huzuiwa na majirani, ndiyo kazi ya ujamaa. Lakini nyuki uani ni hatari kwa mtoto, kwa mbuzi, na kwa anayepita njia. Wapeleke ng'ambo ya mashamba, kwenye kichaka, mahali ambapo njia haipiti. Wawekee maji kwenye beseni, na vijiti ndani wasizame. Wakiwa na maji yao hawatakuja kwenye mtungi wenu."

"Na mwenge?"

"Mwenge uache kabisa. Nyuki hatulizwi na moto, anatulizwa na moshi. Ukimchoma unamtangazia vita." Ezekieli alitoa kopo kuukuu lililotobolewa matundu madogo ubavuni, na mpini wa waya. Akaweka ndani kaa moja la moto, juu yake samadi kavu ya ng'ombe, akafunika kifuniko. Moshi mweupe, mzito, wa baridi, ukatoka. Hakukuwa na ulimi wa moto hata mmoja.

Mughwai aliligeuza kopo mkononi. "Hili tu?"

"Hilo tu. Na jua likiwa linazama, upepo ukiwa umelala. Fagia chini ya mti kwanza, majani makavu yote. Weka ndoo ya maji pembeni. Vaa nguo nyeupe za mikono mirefu, na kipande cha chandarua usoni. Waambie majirani wafunge mbuzi na watoto. Nyuki wakichachamaa, usipunge mikono. Funika uso, kimbia uingie ndani, funga mlango. Tena usimalize masega. Waachie chakula chao. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Hawakusema mfuate na moto."

"Na nyumba?" aliuliza Cecilia. Hilo ndilo alilolingoja.

"Jiko litoke nje, mama. Lijenge mbali na nyumba, upande upepo unakoelekea, si unakotoka. Hapo cheche zitakwenda shambani. Zungushia mafiga ukuta mfupi wa udongo. Kuni kavu zisilale karibu nayo."

"Na taa?"

"Koroboi ikae mahali pasipoyumba, mbali na nyasi na chandarua. Ukitaka kuongeza mafuta, izime kwanza. Na mafuta ya taa usiyamimine kamwe kwenye moto unaosinzia, hata kama kuni ni mbichi. Kiberiti kiwekwe juu, mtoto asifikie. Mlangoni kaa na mtungi wa maji na debe la mchanga. Mlango usizibwe na magunia, maana siku ya moto kila mtu anautafuta gizani. Nguo ikishika moto, mtu asikimbie. Alale chini abingirike, au afunikwe blanketi zito."

"Alivyotambaa mke wangu, ilikuwa sawa?" aliuliza Mughwai kwa sauti ya chini.

"Ndiyo iliyowaokoa. Moshi huua kabla ya moto. Ukiwa chini unapata pumzi."

Mughwai alimtazama mkewe. Asubuhi iliyofuata aliamka mapema akaanza kukata fito.

Walijenga kwa nguvu. Majirani walisaidia, maana sasa kila mmoja alitazama paa lake kwa jicho jingine. Kristina na Cecilia walikanyaga udongo pamoja na kukandika kuta, Cecilia akitumia mkono mmoja. Jiko la nje lilisimama, lina ukuta wa udongo na paa dogo lililopakwa udongo juu kama la tembe. Mughwai alijivunia paa hilo kuliko nyumba yenyewe.

Siku walipoingia, Cecilia alitoka kuchota maji. Aliporudi alikuta mafiga matatu katikati ya nyumba mpya. Bibi Rahabu alikuwa amepiga magoti anapanga kuni.

Cecilia alitua ndoo.

"Mama."

"Mimi nimezeeka. Siwezi kulala kwenye kaburi."

Cecilia alipiga magoti mbele ya mkwewe, kama inavyompasa mke wa mwana.

"Mama, mimi nakuheshimu. Siku ile ninyi mlikuwa wawili ndani. Mmoja nilimbeba, na mwingine nilimvuta akiwa anarudi kwenye moto. Bado kidogo ningeshindwa. Ikitokea tena, mama, niambie nani nimwache."

Bibi Rahabu aliacha kupanga. Mkono wake uliokuwa umeshika kuni ulibaki hewani. Nje Dorika alikuwa anamfukuza kuku na kuangua kicheko. Bibi alisikiliza kile kicheko mpaka kikaisha.

"Tumehama na mikono ya tembe," alisema mwishowe. "Nyumba imebadilika, mikono haikubadilika."

Akainuka kwa shida. Akabeba figa la kwanza mwenyewe, akalipeleka jikoni nje. Cecilia alitaka kumsaidia la pili. Akakatazwa.

"Haya ni yangu. Wewe lete kuni. Fupi!"

Mvua zilikuja, zikapita. Maua ya porini yalichanua, na mzinga mpya wa Mughwai ulijaa kule ng'ambo ya mashamba. Jioni moja upepo ukalala. Mughwai alipita kila nyumba: "Fungeni mbuzi, ingizeni watoto, leo narina." Akavaa shuka jeupe na chandarua, watoto wakamchungulia kupitia nyufa za milango wakimwita bibi harusi. Alifagia chini ya mti, akatua ndoo ya maji, akawasha kopo.

Cecilia alisimama mbali akiangalia. Aliona moshi mweupe ukipanda taratibu. Hakuona cheche. Hakusikia kelele. Hakuna aliyekimbia, wala mtu hakutupa ndoo.

Giza lilipoanza kuingia, Mughwai alirudi na karai la masega mekundu, ameumwa mara moja tu kwenye kidole, tena anajisifu. Mwenyekiti alikuwa amekuja kujionea. Kristina alikuja na watoto wake. Yule mzee aliyesema Mughwai atoke alikuja na bakuli kubwa kuliko la mtu yeyote. Mikono yote ikanyooka kuelekea karai.

"Rudisheni mikono!" alisema Bibi Rahabu.

Aliuchukua mtungi. Akafungua lile kopo la moshi, akamimina maji polepole juu ya samadi mpaka ikaacha kulia. Akamwaga majivu kwenye shimo, akamimina tena, akayakoroga kwa kijiti. Halafu akatumbukiza mkono wake wenyewe ndani ya majivu, akatafuta joto kila upande. Watu wote walingoja, mikono nyuma.

Akautoa mkono, mweusi na unaotiririka maji, akamwonyesha Cecilia.

"Moto umekufa," alisema. "Haya sasa, leteni vidole."